Bao Gumu Halichakai

Hivi, vijana wenzangu, kwa nini wazee ninaowatazama huku Old Moshi hawaliachi bao gumu wakati jepesi lipo?

Ubao ni mmoja: mashimo 32, kete 64. Lakini michezo ni miwili. Bao la kujifunza unapanga kete mbili mbili kila shimo, mnaanza. Bao la Kiswahili, lililotoka pwani na visiwani, kila mtu anaanza na kete 10 ubaoni, 22 mkononi. Ananamua moja moja huku akiilinda nyumba yake; zikiisha, ndipo mnaingia mtaji. Mwalimu Nyerere naye alikuwa mpenzi wa bao.

Wamarekani nao wana yao. Dungeons & Dragons ilitoka 1974, yakafuata matoleo mapya kibao, lakini wapo wanaoshikilia lile la kwanza. Kwa nini? Linamwachia mchezaji mengi ya kuamua mwenyewe. Bao gumu ni hivyo hivyo: halikutafunii, bwana, unatafuna mwenyewe.

Ila mbinu nyingi za wazee hawa zimo vichwani tu. Mzee akiondoka, anaondoka nazo. Sasa sisi tunaojiita waandishi tunangoja nini? Tukae mvulini, tufungwe kwanza, halafu tuandike.