Uzi: Bangi italipa deni la taifa? Tuanze na dume, jike na utitiri

1. Kila msimu wa kampeni hoja hii inarudi. Upande mmoja unasema tuhalalishe bangi, tuuze nje, tulipe deni. Upande wa pili unasema vijana wataharibika, mjadala ufungwe. Kama kawaida ya uzi huu, sitaji chama wala mwanasiasa, na sikuambii uunge mkono nani. Nataka tuangalie kitu ambacho pande zote mbili hukiruka: bangi yenye bei si jani la kumwaga mbegu na kungoja mvua. Ni ua, na ua hilo lina historia ndefu ya kulindwa. Ukifuata hiyo historia unaona aliyepewa kazi ya kulinda, na aliyempa, ndio walioamua pesa ziende wapi.

2. Sayansi kidogo, haiumi. Mnajua mpapai: kuna dume linalotoa maua tu, na kuna jike linalozaa. Bangi pia ina dume na jike. Dume hutoa chavua, ule unga wa kurutubisha ua, na jike hubeba mbegu. Lakini kwa papai unataka tunda. Kwa bangi ya dawa au ya kuvuta unataka jike lisifikiwe na chavua kabisa. Lisiporutubishwa linaendelea kutoa maua na utomvu, na nguvu ya bangi iko kwenye huo utomvu. Likirutubishwa, mmea unahamia kwenye mbegu na bei inashuka.

3. Halafu kuna wa tatu: huntha, yaani mmea mmoja wenye maua ya kike na ya kiume pamoja. Huu ndio msumbufu, kwa sababu unaweza kuudhania jike mpaka siku unagundua umejirutubisha wenyewe na kurutubisha majirani wake wote.

4. Jambo hili limewachanganya watu tangu zamani. Wakulima wa Uingereza waliopanda bangi ya nyuzi, ile ya kamba na matanga, waliita dume jike na jike dume, kwa sababu jike lilikuwa kubwa na lenye kukaa shambani muda mrefu. Mwaka 1694, Rudolf Camerarius wa Tübingen, Ujerumani, alichapisha barua maarufu akionyesha kwamba mimea ina jinsia. Alitenga mimea ya kike ya aina kadhaa ili kuthibitisha kwamba bila dume hakuna mbegu. Bangi ikamharibia hesabu: majike aliyoyatenga bado yalitoa mbegu. Leo, mtu yeyote anayejua huntha ataelewa inawezekanaje.

5. Sasa twende Naogaon, Bengal, leo ni Bangladesh. Chini ya utawala wa Waingereza, karne ya 19, huko ndiko kulikokuwa na kilimo rasmi cha ganja. Mkulima alihitaji leseni. Mavuno yaliingia kwenye maghala yaliyosimamiwa, na serikali ilikusanya ushuru. Na kulikuwa na mtu maalum aliyeitwa poddar, ambaye Waingereza walimpa jina la daktari wa ganja. Kazi yake ilikuwa kupita shambani mstari kwa mstari, kutambua madume kabla hayajafungua maua, na kuyakata. Alirudi tena na tena, maana machache yangebaki yangeharibu shamba zima.

6. Hebu tulia hapo. Zaidi ya miaka 100 iliyopita zao hili tayari lilihitaji fundi wa kulipwa, leseni, ghala na afisa wa ushuru. Mwaka 1893 Waingereza waliunda tume ya kuchunguza bangi India. Tume ilihoji mashahidi 1,193 na kutoa ripoti mwaka 1894 yenye majuzuu saba. Ilisema matumizi ya kiasi hayana madhara makubwa, na kwamba kutoza ushuru na kutoa leseni ni bora kuliko kupiga marufuku.

7. Himaya hiyo hiyo, huku kwetu, ilifanya kinyume. Bangi ilikuwa imefika pwani ya Afrika Mashariki kutoka Asia Kusini karne nyingi kabla ya mkoloni, na hata jina lake ni la Kihindi. Kuanzia 1914, kwa sheria iliyolenga hasa afyuni, ikawa haramu katika koloni letu. India kulikuwa na mapato ya ushuru ya kulinda. Hapa hakukuwa na mapato ya aina hiyo, kwa hivyo kupiga marufuku hakukuigharimu serikali chochote. Kwa hivyo ukisikia mtu jukwaani akisema marufuku ni mila yetu, muulize ni mila ya nani na ya mwaka gani.

8. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa 1961 ndio bado unaoongoza mambo haya. Unatafsiri bangi kuwa vilele vya mmea vyenye maua au matunda. Mbegu peke yake na majani peke yake haviingii kwenye tafsiri hiyo. Nchi ikiruhusu kilimo cha maua hayo, mkataba unataka kuwe na wakala wa serikali: atoe leseni, aamue ekari, na wakulima wote wampelekee mavuno yote. Wakala anunue na kuchukua mzigo ndani ya miezi minne baada ya mavuno. Shika hiyo sentensi, tutairudia.

9. Je, zao lilihamiaje ndani ya nyumba? Polisi ndio waliolisukuma. Miaka ya 1970 Mexico, kwa msaada wa Marekani, ilinyunyizia mashamba ya bangi sumu ya paraquat. Mwaka 1983 California ilianza operesheni ya kutafuta mashamba kwa helikopta. Wakulima wakaingia kwenye vyumba vya chini na gereji, wakawasha taa za sodiamu. Walilima majike matupu na kuita mavuno sinsemilla, Kihispania cha "bila mbegu". Kwa mtu anayejificha ilikuwa na maana: nafasi ndogo, kwa hivyo kila ua lazima liwe la bei.

10. Lakini chumba kilileta matatizo yake. Bangi huanza kutoa maua usiku unapokuwa mrefu, takriban saa 12 za giza bila kukatizwa. Mwanga ukipenya usiku kupitia ufa wa mlango, joto likizidi, au mavuno yakicheleweshwa, jike linaweza kugeuka huntha. Shambani upepo na umbali vinaweza kukusamehe. Chumbani, mmea mmoja unajaza mbegu kila mahali. Kwa hivyo kazi ya poddar haikuisha. Ilihamia kwa mtu anayekagua mimea kila siku chini ya taa, huku bili ya stima ikipanda.

11. Na wadudu je? Ndani hakuna mvua ya kuwaosha wala wadudu wema wa kuwala. Adui mkubwa ni utitiri mwekundu, mdogo hata kuuona ni shida. Kwenye joto la nyuzi 30 unaweza kutoka yai hadi kukomaa kwa takriban wiki moja. Unaingia na nguo za mfanyakazi au na mche mpya. Ongeza vidukari, nzi weupe, na ukungu unaopenda maua mazito yasiyopata hewa.

12. Wengi walikimbilia dawa, na hapo siasa ikarudi. Kwa kuwa bangi ilibaki haramu kwa sheria ya shirikisho la Marekani, hakukuwa na mtu wa kuwapimia wakulima dawa ipi ni salama kwenye ua linalochomwa na kuvutwa. Mwaka 2015 jiji la Denver lilizuia maelfu ya mimea ya wakulima wenye leseni kwa sababu ya dawa zilizotumika. Baadaye kidogo Kanada, kampuni zenye leseni zilirudisha bidhaa zilizokutwa na myclobutanil, dawa ya ukungu ambayo ikichomwa hutoa sianidi. Wagonjwa walikuwa wamenunua hiyo kitu kama tiba.

13. Sasa turudi nyumbani, kwa sababu Kenya ina mkono katika hadithi hii. Utitiri mwekundu ni adui wa zamani wa waridi la Naivasha. Wakulima wa maua huko hutumia utitiri mwingine, Phytoseiulus persimilis, ambao kazi yake ni kumla huyo mwekundu, na kuna kampuni nchini zinazoufuga na kuuuza. Kwa hivyo ujuzi tunao. Lakini angalia uko wapi: ndani ya grinihausi za kampuni kubwa. Hauko kwa mkulima wa robo ekari.

14. Mkono wa pili ni pareto. Dawa inayotoka kwenye ua la pareto huua wadudu na kuvunjika haraka kwenye mwanga, ndiyo maana wakulima wa bangi wa ndani huipenda. Kenya iliwahi kuongoza dunia kwa pareto. Sheria iliweka mnunuzi mmoja, bodi ya serikali. Mkulima wa Kisii au Nyandarua alipeleka maua, akapewa karatasi, akangoja malipo miezi, wengine miaka. Watu waling'oa pareto wakapanda viazi. Soko likafunguliwa kwa kampuni binafsi kwa sheria ya 2013, wakati zao lilikuwa limeshaanguka.

15. Sasa soma tena ile sentensi ya namba 8. Mavuno yote kwa wakala mmoja wa serikali. Sisemi lazima iishe vile pareto iliisha. Nasema tumeshawahi kuwa na mpango wa aina hiyo, kwa ua lingine, na tunajua nani aliumia.

16. Majirani je? Lesotho ilianza kutoa leseni za bangi ya dawa mwaka 2017; Zimbabwe iliruhusu kilimo chake 2018, Malawi na Rwanda 2020. Huko Lesotho, ambako wakulima wadogo walilima bangi milimani kwa vizazi, bei ya leseni iliwafungia nje na wawekezaji wakajenga grinihausi. Afrika Kusini ilipita njia nyingine: mwaka 2018 Mahakama ya Katiba iliruhusu mtu mzima kulima na kutumia faraghani. Hizo ni sera mbili tofauti. Hapa kwetu ombi la Warasta la 2021 katika Mahakama Kuu linafanana zaidi na hiyo ya pili, na ahadi za kampeni zinafanana na ya kwanza. Kwenye mdahalo zote huitwa "kuhalalisha".

17. Wakati huo huo, sheria yetu ya 1994 inaweka hadi miaka 20 jela kwa kulima mmea huu. Ukiweka hiyo kando ya ahadi ya kuuza nje, unapata picha ambayo hakuna anayeielezea: mtu wa mistari miwili nyuma ya migomba akiwa ndani, na kampuni yenye leseni, taa na maabara ikisafirisha.

18. Kwa hivyo mwanasiasa akisema "tupande bangi tulipe deni", muulize hivi. Bangi ipi, ya nyuzi au ya ua? Leseni itauzwa bei gani? Nani atanunua mavuno, na asipolipa kwa miezi minne mkulima aende wapi? Nani atapima dawa za wadudu? Huntha au utitiri ukiharibu chumba kizima, hasara ni ya nani? Na walio jela kwa mmea huo huo?

19. Na anayesema "kamwe" naye aulizwe: marufuku ya tangu 1914 imepunguza nini, na kwa gharama ya nani? Mwenye jibu la namba 18 au 19 aweke hapa chini, nitajibu jioni.