Karatasi iliyopasuliwa: kutoka Mashamba hadi ndani ya prosesa

KOLWEZI – Makamyo yanaondoka Kolwezi yakielekea Kasumbalesa, yamebeba shaba na kobalti. Sehemu ya madini hayo hutoka Mashamba Mashariki, shimo ambalo Gécamines ilichimba zamani na ambalo leo liko mikononi mwa KCC, na husafishwa Luilu. Wengi wanajua kobalti inaingia katika betri. Wachache wanajua njia nyingine. Mwezi wa tisa 1997, kampuni ya IBM ya Marekani ilitangaza kwamba itatumia shaba pahali pa aluminiamu kwa nyaya ndogo sana zilizo ndani ya prosesa, yaani ubongo wa kompyuta. Mwezi wa 12 mwaka 2017, Intel nayo ikaeleza kwamba imeweka kobalti katika baadhi ya nyaya hizo.

Lakini waya ni kitu kimoja, na kazi inayopita ndani yake ni kitu kingine. Kwa muda wa miaka mingi wahandisi wa prosesa wamehangaika na swali ambalo kila mwenye depo kule Musompo analijua: watu wawili wakiandika katika kaye moja kwa wakati mmoja, hesabu itabaki ya kweli?

Tuchukue mfano. Kaye inaonyesha mifuko 40. Karani wa kwanza anasoma 40, anapokea mifuko 5, anaandika 45. Wa pili naye alikuwa amekwisha kusoma 40, anapokea 3, anaandika 43 juu yake. Mifuko mitano imepotea, na hakuna aliyeiba.

Dawa ya zamani ni kufuli: mwenye kaye anaandika, wengine wote wanangoja. Hesabu ni salama, lakini foleni inakuwa ndefu. Dawa ya pili ni hii: kila karani anaandika kwanza kwenye karatasi yake. Akimaliza, na kama hakuna aliyebadilisha ukurasa aliousoma, anahamisha yote katika kaye mara moja. Kama kuna aliyebadilisha, anapasua karatasi na kuanza upya. Yote ao hapana.

Mwaka 1993, Maurice Herlihy na Eliot Moss waliandika pendekezo la kuweka kanuni hiyo ndani ya prosesa yenyewe. Karatasi ya karani ingekuwa kashe, ile memori ndogo iliyo karibu kabisa na prosesa, ambayo tayari inajua mwenzake anapogusa kitu kilekile. Wazo lilingoja, kwa sababu wakati ule kompyuta nyingi zilikuwa na karani mmoja tu. Kisha joto likazuia kuongeza mwendo wa prosesa moja, na kuanzia miaka ya 2000 viwanda vikaanza kuweka makarani wawili, wanne, nane katika kipande kimoja. Foleni ya kufuli ikawa shida ya kila mtu.

Kampuni ya Sun ilijaribu na prosesa yake Rock, lakini mradi ukafutwa mwaka 2009 kabla ya kufika sokoni. IBM ilifaulu na Blue Gene/Q; kompyuta yake Sequoia, kule California, ilihesabiwa kuwa yenye nguvu kuliko zote duniani mwezi wa sita 2012. Mwaka 2013 Intel ikaiweka kanuni hiyo katika prosesa za kawaida zilizoitwa Haswell.

Furaha haikudumu. Mwezi wa nane 2014 Intel ilikubali kwamba kuna kosa ndani yake, ikaizima. Ikarekebishwa katika prosesa zilizofuata. Mwezi wa 11 mwaka 2019 likatokea jambo zito zaidi: kazi ikikatwa katikati, programu ya mwizi iliweza kusoma mabaki ya siri za wengine yaliyobaki ndani ya prosesa. Ni kama mtu anayeokota karatasi zilizopasuliwa na kuziunganisha. Mwaka 2021 Intel iliizima katika prosesa zake nyingi, na mwaka huohuo IBM ilitoa prosesa yake POWER10 bila kanuni hiyo, ingawa POWER8 ya mwaka 2014 ilikuwa nayo.

Kwa hiyo ugumu haukuwa kuandika pamoja tu. Ulikuwa pia kutupa vizuri kile kilichoharibika.

Kanuni yenyewe haikufa. Mtu wa Kolwezi anayemtumia mzazi wake wa Likasi feza kwa simu anaitegemea: feza zitoke hapa na zifike kule, ao zisitoke kabisa. Kazi hiyo inalindwa na programu zinazotunza hesabu, hata pale prosesa ilipoiacha. Na kijana wa hapa anayejifunza informatiki ana haki ya kujua kwamba swali hilo bado liko wazi, tena ndani ya kifaa chenye shaba na kobalti, madini ambayo mji wake unayachimba kila siku.