Munich, Windows na mafaili yetu



Juzi nilifungua sanduku la disketi zangu za wakati wa udaktari. Sura mbili zimegoma kabisa. Programu niliyoziandikia ilishakufa zamani. Nikakumbuka kisa cha jiji la Munich, Ujerumani, ambacho wengi hukisimulia nusu nusu.

Mwaka 2003 jiji lilikuwa na kompyuta kama 14,000, nyingi zikitumia Windows NT 4.0, toleo ambalo Microsoft ilikaribia kuacha kulihudumia. Baraza la jiji likataka kuhamia Linux. Steve Ballmer, mkuu wa Microsoft, akakatiza likizo yake kwenda kumshawishi meya Christian Ude. Hakufua dafu, kura ikapita.

Sasa tazameni kilichowatoa jasho: nyaraka. Idara zilikuwa na maelfu ya violezo vya barua, fomu na makro, zote zimejengwa juu ya Office ya zamani, kila idara na mtindo wake. Ikabidi jiji liandike programu yake, WollMux, kuzisimamia. Uhamaji ulikamilika 2013, miaka kumi! Na bado nyaraka za kutoka nje zilikuja kwa Word, nyingine zikifunguka zimepindapinda. Novemba 2017 baraza likaamua kurudi Windows. Mwaka 2020 muungano mwingine wa vyama ukaahidi tena kutanguliza programu huria.

Wako wanaosema ilikuwa siasa tu. Siasa ilikuwepo, sikatai, lakini manung'uniko ya watumishi kuhusu mafaili ndiyo yaliyoipa siasa hiyo pa kushika.

Na sisi je? Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kupitia mradi wa Kilinux, kilitoa Jambo OpenOffice kwa Kiswahili. Tukafurahi, tukabishana kuhusu istilahi. Menyu zikawa za Kiswahili, ila mafaili tuliyotumiana yakabaki yale yale ya Word. Kwa hesabu za StatCounter, Windows ilikuwa na zaidi ya 90% ya kompyuta za mezani mwaka 2010. Mwaka 2024 ilikuwa karibu 70%. Hata hivyo mhariri bado anakwambia, "nitumie ya Word."

Ombi langu: wenye miswada, tenzi mlizonakili na mahojiano ya wazee, wekeni nakala kwa muundo wa wazi wa ODF, kiwango cha ISO tangu 2006, maadam mashine zingali zinayafungua. Na mwenye ujuzi wa kuokoa disketi kongwe, tafadhali anijuze.

Wasalaam.