Upimaji wa mabaki ya antibiotiki katika maziwa

Upimaji wa mabaki ya antibiotiki katika maziwa ni uchunguzi wa kugundua kama maziwa yana masalia ya dawa alizotibiwa ng'ombe. Una umuhimu katika maeneo ya wafugaji wadogo kama mkoa wa Njombe nchini Tanzania, ambako maziwa ya kaya nyingi huchanganywa kabla ya kufika kiwandani.

Chanzo cha mabaki

Nyanda za baridi za Njombe, Makambako na vijiji kama Kidugala (wilaya ya Wanging'ombe) zinawafaa ng'ombe wa kisasa. Ng'ombe hao wanaotoa maziwa mengi hupata mara kwa mara ugonjwa wa kiwele, unaotibiwa kwa penisilini na dawa nyingine zinazoingizwa kupitia chuchu. Oksitetrasaiklini hutumika dhidi ya ndigana baridi. Kila dawa ina muda wa kusubiri ulioandikwa kwenye kibandiko chake. Katika siku hizo maziwa hayafai kuuzwa wala kunywewa. Kwa kaya inayotegemea ng'ombe mmoja, kumwaga maziwa ya siku kadhaa ni hasara kubwa, na hapo ndipo kishawishi kinapoanzia.

Kuchemsha hakuondoi mabaki. Kiwango cha juu cha penisilini kinachokubaliwa na Codex ni mikrogramu 4 kwa kilo ya maziwa. Lita 10 zenye mikrogramu 400 kwa lita, zikimwagwa katika tangi la lita 1000, zinatosha kulifikisha tangi zima kwenye kikomo hicho.

Njia za kupima

Laktometa na kipimo cha alkoholi vya kituo cha kukusanyia hugundua maji yaliyoongezwa na uchachu, si dawa.

Kipimo kinachojulikana zaidi hutumia bakteria Geobacillus stearothermophilus. Maziwa kidogo huwekwa katika kichupa chenye bakteria hao na rangi ya kiashiria, kisha hupashwa kwa nyuzi 64 za selsiasi kwa takriban saa tatu. Bakteria wakikua hutoa asidi, na rangi ya zambarau hugeuka njano. Ikibaki zambarau, kuna kitu kimewazuia. Kipimo hiki hukamata vizuri penisilini kuliko oksitetrasaiklini, kwa hiyo rangi ya njano si hati ya usafi kamili. Maziwa ya kwanza baada ya kuzaa, au ya kiwele kigonjwa, yanaweza kuzuia bakteria hata bila dawa.

Vipimo vya utepe hutoa jibu kwa dakika chache, lakini kwa makundi ya dawa vilivyotengenezewa tu. Vituo makini huhifadhi sampuli ya kila mfugaji. Bila hiyo, tangi likikataliwa hasara huwaangukia wote.

Athari

Mtu mwenye mzio wa penisilini anaweza kudhurika, na mabaki huchangia usugu wa vimelea dhidi ya dawa. Kiwandani, bakteria wa kugandisha mtindi na jibini hufa au hudumaa, maziwa yasigande.