Uhuru, suria na "usafirishaji haramu": safari ya maneno

Zamu za usiku zilinibana kidogo, lakini leo niko ofu hapa Maskati, nikaona tuzungumze historia. Historia ya maneno, maana maneno nayo husafiri kama sisi, na mengine hufika yamepungukiwa.

Tuanze na mtumwa. Neno hili limetoka kwenye kutuma: ni mtu wa kutumwa tu. Uhuru tumeuchukua kwa Waarabu, hurr ni mtu asiyemilikiwa na mtu. Kabla ya bendera za 1961 na 1963, uhuru ulikuwa kile alichopata mtumwa aliyeachwa na bwana wake.

Tarehe 6 Aprili 1897, Sultani Hamoud bin Mohammed, kwa shinikizo la Waingereza, alitoa amri ya kufuta utumwa kisheria Unguja na Pemba. Ukisoma harakaharaka utadhani siku ile wote walitoka. Wapi! Mtumwa alitakiwa aende mwenyewe kuomba mahakamani. Asiyejua, au aliyeogopa kukosa pa kulala, alibaki palepale. Na masuria hawakuachwa huru, wao walihesabiwa kama wake. Wakasubiri mpaka 1909. Yaani kuitwa "suria" badala ya "mtumwa" kulimgharimu mtu miaka 12! Hapa Oman kwenyewe utumwa ulifutwa 1970, Sultani Qaboos aliposhika nchi. Si zamani hivyo.

Sasa turuke hadi mwaka 2000. Umoja wa Mataifa ulipitisha Itifaki ya Palermo dhidi ya biashara ya kugeuza watu bidhaa, na mwaka 2008 Tanzania na Oman kila moja ikatunga sheria yake. Mwaka mmoja, jambo moja, lakini tazama majina. Kiarabu kikasema al-ittijar bil-bashar, kufanya biashara ya watu. (Hata sisi tuna neno tijara, au siyo?) Kiswahili kikasema "usafirishaji haramu wa binadamu".

Jamani, hapo biashara imetoka, imebaki safari.

Mwanamke aliyekuja kufanya kazi za ndani kwa pasipoti halali, viza na tiketi ya ndege, ukimuuliza "ulisafirishwa kiharamu?" atakujibu hapana. Na hasemi uongo, amejibu swali la uhamiaji. Lakini itifaki inatazama mambo matatu: kitendo, njia na lengo. Kitendo chaweza kuwa kumwajiri mtu, kumsafirisha, kumhifadhi au kumpokea. Njia ni kama vitisho, nguvu, udanganyifu au kutumia unyonge wake. Lengo ni kumnyonya. Viza halali haifuti hata kimoja, na hata kama alikubali mwenyewe, ridhaa iliyopatikana kwa kudanganywa haihesabiki.

Kwa sisi wauguzi hili si somo la darasani. Mgonjwa Mswahili akiletwa na hajui Kiarabu wala Kiingereza, anaitwa yeyote anayejua lugha yake. Mimi neno kubwa naliweka pembeni. Nauliza: Pasipoti yako anayo nani? Kazi na mshahara ndivyo ulivyoahidiwa? Ukitaka kuondoka, unaweza? Nani atakuzuia? Hapo utasikia majibu mengine kabisa.

Tusizidishe chumvi lakini. Si kila mwajiri mkali ni mfanyabiashara wa watu, na wako wengi wanaofanya kazi vizuri na kujenga nyumbani. Ninachosema ni kwamba sheria ya 1897 ilimfaa aliyejua kuiomba, na hizi za sasa ni vilevile. Huwezi kuomba kitu ambacho jina lake halikuhusu.

Mimi ningeandika tu "biashara ya watu". Babu zetu wangeelewa bila mkalimani. Nyie mngeliitaje? Nasubiri kusikia kutoka kwenu. Alamsiki, kesho naingia zamu alfajiri.