Ua la Baharini Lililogeuka Gugu

Wapo watu duniani ambao hawakutosheka kwenda ufukweni siku ya Jumapili, wakaamua bahari yenyewe ihamie sebuleni. Nazungumzia wafugaji wa samaki wa maji ya chumvi. Wanaye samaki wa rangi saba, wanayo matumbawe, wanayo taa na pampu zinazovuma usiku kucha, na bili ya umeme ambayo mimi na wewe tungeiona tungeomba kiti. Huku kwetu tangi kama hilo hulioni sana, ila katika hoteli kubwa na nyumba za wenye nafasi. Hata hivyo shughuli hiyo inatuhusu, maana pwani ya Kenya imekuwa ikipeleka nje samaki hai wa mapambo kwa miaka mingi, na samaki aliyevuliwa kwa wavu mdogo katika miamba yetu anaweza kumalizia umri wake katika ghorofa ya tano huko Ulaya.

Wafugaji hao wana adui mmoja wanayemchukia kuliko wote. Si papa wala pweza. Ni kidude cha rangi ya kahawia, laini kama kamasi, kinachoanza kikiwa kidogo kuliko punje ya maharage, kikiwa na minyiri myembamba inayopepea kama nywele. Kinaitwa Aiptasia, na ni mmoja wa wanyama wa jamii ya anemoni. Anemoni ukimtazama utadhani ni ua lililochanua juu ya jiwe, lakini ni mnyama, tena mla nyama. Kila mnyiri umejaa vijishale vya sumu visivyoonekana kwa macho. Akigusana na tumbawe, tumbawe huungua. Leo yuko mmoja, baada ya wiki chache wako kumi, na mwenye tangi asipoangalia, mwaka hauishi kabla hajaona mawe yake yote yamevaa manyoya ya kahawia na matumbawe aliyoyanunua kwa fedha nyingi yamekufa. Wako walioshindwa kabisa, wakamwaga maji na kuuza kioo.

Sasa jambo lililonifanya nilete mazungumzo haya ni hili. Jina hilo la Aiptasia lilitolewa mwaka 1858 na Mwingereza aliyeitwa Philip Henry Gosse. Na huyu Gosse ndiye yule yule aliyewafundisha watu wa kawaida kuweka tangi la maji ya bahari nyumbani. Kwa maneno mengine, aliyefungua mlango ndiye aliyemwandikia mwizi kitambulisho. Tena wakati huo anemoni hakuwa mwizi hata kidogo. Alikuwa bibi harusi.

Turudi nyuma kidogo. Kabla ya katikati ya karne ya 19, kuweka kiumbe cha baharini hai mbali na bahari lilikuwa jambo gumu. Maji yanaoza, mnyama anakufa, nyumba inanuka. Mwaka 1846 mama mmoja wa London, Anna Thynne, alikuwa huko Torquay, mji wa pwani ya kusini magharibi mwa Uingereza, akavutiwa na matumbawe madogo ya kule. Akayatia katika chombo, akarudi nayo London. Ili maji yasikose hewa, mfanyakazi wake wa nyumbani alikuwa na kazi ya kuyamimina kutoka chombo kimoja hadi kingine mbele ya dirisha lililo wazi, siku hadi siku. Historia imehifadhi jina la bibi mwenye nyumba. La yule aliyeumia mgongo sikulikuta katika niliyoyasoma. Baadaye Bibi Thynne aliongeza mwani wa baharini ndani ya maji, na mwani ukaifanya sehemu ya kazi ile.

Mkemia Robert Warington, naye wa London, aliandika mwaka 1850 jinsi samaki, mmea na konokono wanavyoweza kuishi pamoja katika chombo kimoja bila maji kubadilishwa kila mara: mmea unatoa hewa, samaki anaivuta, konokono anafagia uchafu. Kodi ya kioo ilikuwa imekwisha kufutwa Uingereza mwaka 1845, kioo kikashuka bei. Reli nayo ilikuwa inamfikisha mtu wa mjini ufukweni asubuhi na kumrudisha jioni. Mwaka 1853 bustani ya wanyama ya London ikafungua nyumba ya samaki, ambamo umma uliweza kwa mara ya kwanza kuwatazama viumbe wa majini ubavuni, si kwa kuwachungulia kutoka juu kama mtu atazamaye kisima. Gosse alikuwa mmoja wa waliopeleka wanyama wa kuijaza. Mwaka uliofuata akatoa kitabu chake juu ya tangi la bahari, na kitabu hicho kikaenda kama maandazi ya moto.

Mtu huyu anastahili tusimame naye kidogo. Hakuwa profesa. Alizaliwa mwaka 1810, akafanya kazi ya ukarani Newfoundland, akafundisha shule Alabama, akakusanya ndege na wadudu Jamaica. Alikuwa mcha Mungu wa siasa kali, na mchoraji wa ajabu. Afya yake ilipotetereka alikwenda Devon kupumzika, na badala ya kupumzika akawa anainama juu ya madimbwi ya miamba wakati wa maji kupwa akiwa na nyundo na patasi. Anemoni ndio waliomteka moyo. Kati ya mwaka 1858 na 1860 alitoa kitabu kizima juu ya anemoni wa Uingereza, chenye picha za rangi alizozichora mwenyewe. Humo ndimo mlimo jina la Aiptasia, alilompa anemoni mmoja wa pwani ya Cornwall. Na usidhani aliwatazama tu. Kuna wakati aliwachemsha anemoni akawala, kisha akawajaribu wa kukaanga. Mtu wa namna hiyo huwezi kusema hakukijua alichokiandika.

Kwa nini anemoni, na si samaki? Sababu ilikuwa ya uchumi wa jikoni. Samaki anataka hewa nyingi, na pampu ya umeme haikuwapo. Anemoni hana haraka. Hahitaji nafasi, anaweza kukaa na njaa wiki nzima, na siku akipewa kipande cha kome anachanua kama waridi. Kwa tangi la enzi zile, hakukuwa na mpangaji bora.

Mfano wake mkubwa ni anemoni mwekundu wa Scotland aliyekuja kuitwa Bibi. Mwanazuoni Sir John Dalyell alimchukua kwenye miamba ya North Berwick mwaka 1828, akamweka katika chupa. Dalyell akafa mwaka 1851. Bibi hakufa. Akarithiwa na mwanazuoni mwingine, naye akafa. Akarithiwa tena, akaishia chini ya uangalizi wa bustani ya mimea ya Edinburgh. Alikuwa na kitabu chake cha wageni. Usiku mmoja wa mwaka 1857, akiwa amekwisha kuwa mzee, alitoa watoto zaidi ya 200 kwa mkupuo. Alikufa mwaka 1887, baada ya karibu miaka 60 katika chombo cha kioo, na magazeti yakamwandikia tanzia kama mtu.

Hapo bado hujaona upande wa pili wa sifa hiyo. Msomaji wa kitabu cha Gosse alipokifunga, alichukua nyundo, akapanda treni. Wakaja mabibi wenye vikapu, mapadri, wanafunzi, wafanyabiashara. London kulifunguliwa duka la William Alford Lloyd lililouza anemoni na maji ya bahari, na Lloyd huyo baadaye ndiye aliyesimamia matangi makubwa ya Hamburg mwaka 1864 na ya Crystal Palace mwaka 1871. Madimbwi ya Devon yaliyokuwa yamejaa rangi yakakwanguliwa yakabaki jiwe tupu. Mtoto wa Gosse, Edmund, katika kitabu chake cha mwaka 1907 juu ya maisha yake na baba yake, aliandika kwa uchungu kwamba pwani ile haikuwahi kurudi ilivyokuwa, na kwamba jambo hilo lilimsononesha mzee. Nyumbani nako wanyama wengi walikufa, maana wanunuzi wengi hawakuwa na subira ya Edinburgh. Miaka ya 1860 ilipokwisha, mtindo ulikuwa umepita, na matangi mengi yamekuwa makao ya vumbi.

Anemoni amegeukaje adui? Alibadilishwa na jiwe. Karne ya 20 ilileta umeme, pampu, chumvi ya kuchanganya nyumbani, na ndege za kusafirisha samaki wa nchi za joto. Mwaka 1961 Lee Chin Eng wa Jakarta, Indonesia, alieleza katika jarida la Marekani la wafuga samaki jinsi anavyoweka tangi lake: maji ya bahari, mapovu ya hewa, na mawe yaliyotolewa baharini yakiwa hai. Mawe hayo yana matundu yaliyojaa vijidudu vinavyokula uchafu wa samaki. Wengi walimpuuza kwa muda, kisha kuanzia miaka ya 1970 na 1980 Wajerumani na Wamarekani wakaufuata mtindo huo, na mawe hai yakawa bidhaa inayopimwa kwa kilo. Lakini jiwe hai lina wapangaji wake. Mgeni njoo mwenyeji apone, tunasema sisi. Huyu mgeni alikuja ndani ya tundu la jiwe, na mwenyeji hakupona.

Kosa la kwanza la mwenye tangi ni kumkwangua. Padri Mfaransa Dicquemare, wa mji wa Le Havre, aliwakata anemoni vipande katika miaka ya 1770 na kuona wanavyojirudishia viungo. Aiptasia ana lake la ziada: anapotembea juu ya jiwe, huacha nyuma vipande vya unyayo wake, na kila kipande huota kuwa mnyama kamili. Kwa hiyo anayemchokonoa kwa kisu anapanda mbegu. Wako wanaomchoma kwa bomba la sindano lenye maji ya limau au maji yanayochemka, wengine humfunika kwa uji mzito wa chokaa. Kwa wachache inafaa. Wakiwa mia, mtu huyo atakesha na sindano, na chokaa nyingi hubadilisha maji yakawaua aliotaka kuwaokoa. Wengine huleta samaki kipepeo mwenye mdomo mrefu kutoka bahari za Asia, ambaye pengine atawala Aiptasia na pengine atasusa chakula mpaka afe, au kamba wadogo wenye mistari myekundu kutoka upande wa Amerika. Kwa maoni yangu, tiba hizi zote ni za kuchelewa. Jiwe lingewekwa peke yake katika ndoo ya maji ya chumvi kwa majuma kadhaa na kuchunguzwa kwa tochi kabla ya kuingia tangini, nusu ya malalamiko haya yasingekuwapo.

Wataalamu nao wamemtazama mdudu huyu kwa jicho lingine. Utafiti wa vinasaba uliochapishwa mwaka 2013 ulionyesha kwamba Aiptasia wa bahari zilizo mbalimbali sana wanafanana mno, ishara kwamba wamesafirishwa. Mwaka 2014 aina hiyo ya matangini ikahamishiwa katika jenasi mpya, Exaiptasia, na mwaka 2015 ramani yake yote ya vinasaba ikatolewa. Sababu ni kwamba ndani ya mwili wake mna mwani mdogo sana, kama ule ulioko ndani ya matumbawe. Mwaka 1998 joto la bahari lilipopanda, matumbawe mengi ya pwani yetu, Kenya na Tanzania, yaliupoteza mwani huo, yakawa meupe yakafa. Tumbawe ni gumu kulichunguza maabara, hukua polepole na likikosa mwani hufa. Aiptasia haoni taabu: ukimwondolea mwani unamlisha kwa mkono, anaishi, na kesho unamrudishia. Kwa hiyo yule anayetiwa sindano ya limau nyumbani anabembelezwa maabara, kwa kuwa kupitia yeye tunajaribu kujua kilichoyapata matumbawe yetu.

Nimalizie na mwindaji wake. Yuko konokono mdogo wa baharini asiye na gamba, mwenye manyoya mgongoni, aitwaye Berghia. Hali kitu kingine chochote isipokuwa Aiptasia. Humfuata usiku hadi ndani ya tundu ambalo sindano haifiki, na akiwa na wenzake wa kutosha hulisafisha tangi kwa miezi michache. Akimaliza, hana chakula, atakufa njaa. Basi wenye matangi katika miji mingine humtoa kabla hajaishiwa, wakamtia katika mfuko wa plastiki wenye maji, wakampeleka kwa jirani ambaye mawe yake bado yana manyoya.