Magitaa ya Nyanza Kusini

Daniel Owino Misiani alizaliwa mwaka 1940 katika eneo la Shirati, kaskazini mwa Mara, upande wa Tanganyika. Kutoka hapo hadi Muhuru Bay, ambayo leo ni sehemu ya Kaunti ya Migori, si mbali. Ziwa Victoria ni lilelile, lugha ya Kijaluo ni ileile, na mpaka uliochorwa na wakoloni haujawahi kuwazuia ndugu wa pande hizi mbili kuzikana wala kuoana. Wazazi wake walikuwa watu wa kanisa na hawakutaka kusikia habari za gitaa. Kijana akavuka kuja Kenya, akahangaika, akaunda bendi, na jina la kwao akalibeba mgongoni: Shirati Jazz.

Jina hilo la Jazz lilitapakaa Afrika Mashariki na Kati miaka mingi kabla yake. Dar es Salaam Jazz Band ilianzishwa mwaka 1932, na Morogoro Jazz ikafuata katika miaka ya 1940. Mwaka 1956 Franco na wenzake waliunda OK Jazz mjini Leopoldville. Bendi hizi hazikupiga muziki wa Louis Armstrong. Zilichukua jina kwa sababu lilibeba fahari ya mjini, ya suti iliyonyooshwa na vyombo vya kisasa. Walipofika vijana wa ziwani, wakalichukua nao: Shirati Jazz, Victoria Jazz, Luna Kidi Jazz, Kapere Jazz, CK Jazz ya George Ramogi. Muziki wenyewe ni benga. Mimi nawahesabu watu hawa miongoni mwa wanamuziki wakubwa wa bara hili, na nitaeleza kwa nini.

Mizizi ya benga ni nyatiti. Chombo hiki kina nyuzi nane. Mpigaji hukaa kwenye kigoda kifupi, amefunga njuga mguuni na kuvaa pete ya chuma kwenye kidole gumba cha mguu, na kwa pete hiyo hugonga ubao wa chombo ili kujipa mdundo. Kwa hiyo mtu mmoja ni mwimbaji, mpiga nyuzi na mpiga ngoma kwa wakati mmoja. Kazi yake matangani ilikuwa kubwa kuliko burudani. Alitaja ukoo wa marehemu, akasifu, akakumbusha madeni ya heshima, akamsema tajiri mchoyo mbele ya watu. Na msikilizaji alikuwa na haki ya kumsimamisha: anatoa pesa, muziki unanyamaza, anajisifu, anawataja shemeji zake na kijiji chake, kisha nyuzi zinarudi. Hiyo ndiyo pakruok, na haijafa hadi leo.

Vita vya Pili vya Dunia vilipoisha, askari wa King's African Rifles walirudi nyumbani, na baadhi yao walikuja na magitaa. Mwishoni mwa miaka ya 1950 wapigaji wa Kikongo kama Jean-Bosco Mwenda na Edouard Masengo walisikika sana Nairobi, na vijana wa Nyanza wakatega masikio. Walijifunza kupiga kwa vidole viwili badala ya kukwaruza nyuzi zote kwa pamoja. Ila walipokaa peke yao walikuta vidole vyao vinakimbilia njia za nyatiti. Gitaa la solo likaiga nyuzi za juu, besi ikachukua kazi ya nyuzi nzito, na mguu uliokuwa ukigonga ubao ukawa dramu. Sikiliza benga yoyote ya miaka ya 1970. Mwimbaji anaanza na maneno yake, beti mbili tatu, bila haraka. Kisha sauti zinajitoa, solo inapanda, gitaa la pili linaijibu, na besi, badala ya kujificha nyuma, inaruka mbele kama samaki anayekataa wavu. Hapo ndipo watu husimama kucheza.

Kwa nini hasa Nyanza Kusini, eneo ambalo leo ni kaunti za Migori na Homa Bay? Naamini jibu liko kwenye barabara zake. Hii ilikuwa nchi ya watu wanaosafiri. Kulikuwa na dhahabu na shaba ya Macalder, samaki wa Mbita na Sindo, tumbaku, na baadaye miwa ya kiwanda cha Sony pale Awendo. Kulikuwa na njia ya mpakani kupitia Isebania. Penye mshahara wa mwisho wa mwezi pana baa, na penye baa pana kazi ya bendi. Mwanamuziki aliyepiga Ijumaa Rongo aliweza kupiga Jumamosi Oyugis na Jumapili Kendu Bay, na kila alipofika alikuta wasikilizaji wanaojua maana ya kila jina analolitaja.

Misiani alielewa jambo hili kuliko wote. Aliimba mapenzi, ndiyo, lakini aliimba pia historia: koo, vita, Biblia, wanyama wanaosemea watu. Wakubwa walijisikia wakisemwa humo ndani. Alikamatwa zaidi ya mara moja kwa sababu ya nyimbo zake, na kwa kuwa alizaliwa ng'ambo ya mpaka ilikuwa rahisi kumwita mgeni kila alipoudhi. Hakunyamaza. Mwaka 1989 albamu yake Benga Blast! ilitolewa Uingereza, na wazungu waliokuwa hawajui Migori iko wapi wakaanza kuisaka Shirati Jazz. Alifariki kwa ajali ya barabarani Kisumu, Mei 2006, akiwa bado kazini. Miaka minne baadaye kampuni ya Stern's ilikusanya nyimbo zake za miaka ya 1970 katika albamu iliyopewa jina The King of History. Kwa sifa hiyo hakupendelewa.

Karibu naye waliinuka Ochieng Nelly Mengo na Collela Mazee, walioanzisha Victoria Jazz mwaka 1972. Bendi ikagawanyika, ikaungana, ikabadili majina, Victoria Kings A, B na kuendelea, hata mashabiki wakachoka kufuatilia. Sauti haikuchoka. Mtu aliyeisukuma sauti hiyo mbali kuliko yeyote hakuwa mpiga gitaa. Ni Phares Oluoch Kanindo, mwana wa Awendo, mtayarishaji na mfanyabiashara wa santuri ambaye baadaye aliingia bungeni. Alirekodi bendi nyingi za ziwani na kupeleka santuri zake hadi Afrika Magharibi na kusini mwa bara.

Zimbabwe ndiko kulikotokea ajabu. Wapiganaji wa ukombozi waliokuwa kwenye kambi za nje ya nchi walizisikia santuri hizi, wakarudi nazo moyoni, na nchini mwao muziki huo ukaitwa kanindo, kwa jina la mtayarishaji aliyeandikwa kwenye lebo. Inasimuliwa pia kwamba lebo nyingine ya santuri hizo, Sungura, ndiyo iliyozaa jina la muziki wa sungura, ule wa kina John Chibadura, Leonard Dembo na Alick Macheso. Ni muziki unaopendwa mno katika taifa lile, na gitaa lake lina damu ya Nyanza. Hapa Kenya benga iliingia kwa Wakikuyu, kwa Wakamba kupitia Kakai Kilonzo na Kilimambogo Brothers, na kwa Waluhya kupitia Sukuma bin Ongaro. Kila mmoja aliifanya yake.

Ochieng Kabaselleh wa Luna Kidi alikwenda njia tofauti kidogo. Alichukua jina la Joseph Kabasele wa Kongo, akaimba Kijaluo na Kiswahili, akatuliza mwendo wa benga ukaribie rumba. Miaka ya 1980 siasa ilimtia gerezani. Alitoka, akarekodi tena, na mwaka 1998 akafa. Mwaka mmoja kabla yake alikuwa amekwenda George Ramogi. Mwaka huohuo wa 1997 akaondoka Okatch Biggy wa Heka Heka, na pia Prince Jully, kiongozi wa Jolly Boys. Kizazi kizima kilikatwa kwa muda mfupi.

Kifo cha Prince Jully kilimleta mbele mjane wake, Princess Jully wa pande za Migori. Katika muziki uliokuwa wa wanaume, mwanamke huyu alishika bendi na kuimba Dunia Mbaya, wimbo kuhusu UKIMWI, wakati fukwe za Homa Bay zilikuwa miongoni mwa maeneo yaliyoumia zaidi nchini na wengi waliogopa hata kuutaja ugonjwa kwa jina. Aliutaja. Kwangu mimi, hakuna tendo la ushujaa zaidi katika historia yote ya benga.

Kanda za wizi zilikuwa zimekwisha kuvunja biashara ya santuri tangu miaka ya 1980, na wengi wa wanamuziki hawa walikufa bila kitu. Ladha yao haikupotea. Musa Juma aliibeba hadi alipofariki mwaka 2011. Opiyo Bilongo aliipeleka Marekani na kundi la Extra Golden. Ketebul Music ya Tabu Osusa ilizunguka mwaka 2008 kukusanya habari za wazee wa benga na kuzichapa pamoja na filamu. Kazi hiyo ilifanywa na watu wachache wenye moyo, nayo haitoshi.

Serikali za Migori na Homa Bay zina bajeti za utamaduni. Zitenge chumba kimoja Awendo au Homa Bay mjini, chenye mashine ya kupigia santuri, rafu na mtu wa kuandika majina ya wapiga besi na dramu ambao hawakuwahi kuandikwa kwenye jalada. Nawe msomaji, kama babu yako aliacha santuri chini ya kitanda, usiziuze kwa kilo wala usizitupe. Zisimamishe wima mahali pasipofika jua, kisha mtafute mzee anayekumbuka nani alipiga nini, na uandike.